Mashine ya Baridi Mwezi wa Sita

"Mashine hii ina makelele, Mwenyekiti," fundi Simeoni alisema huku akipima dirisha. "Naweza kukupatia iliyo kimya, kwa bei hii hii. Hii ikiwaka utadhani lori la mtama linapanda mlima."

"Weka hii hii," Antipasi akajibu.

Theodora, mkewe, alisimama mlangoni na birika la chai. Alikuwa amejitanda kitenge juu ya sweta, maana ulikuwa mwezi wa sita, na mwezi wa sita upepo wa Singida haumwonei mtu huruma. Mbuzi wenyewe walikuwa wamejikunyata ukutani. Sasa mtu mwenye akili zake timamu ananunua mashine ya baridi? Tena kuukuu, ya mwenye duka aliyehama mji!

"Shikamoo, mama," fundi alisema alipomwona.

"Marahaba, baba. Chai hiyo."

Fundi akapokea kikombe, akamgeukia tena Antipasi. "Humu watakuwa wanakaa watu wangapi? Joto la watu nalo huwa tunalipigia hesabu."

"Wawili."

Theodora akashtuka. Wawili gani? Chumba chenyewe kilikuwa kile kidogo cha uani, cha kuwekea magunia. Yeye na mumewe walilala chumba cha mbele.

Simeoni akataja mahitaji. Waya mnene, kwa kuwa ule wa taa ungeungua. Fremu ya mninga, saruji ya kuziba pembeni, swichi ya peke yake, na umeme ambao ungeliwa kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Antipasi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akayarudia yote bila kukosea hata moja. Kichwa cha mtu yule, jamani! Tangu enzi za kudai uhuru alikuwa akihutubia nusu saa nzima bila kushika karatasi, na ndiyo maana watu walimchagua awe mwenyekiti wa tawi la chama.

"Nitauza fahali wangu wa Kinyangiri," akasema. "Watatosha."

Birika lilitaka kumponyoka Theodora. Fahali wale ndio waliokuwa cherehani yake! Aliahidiwa tangu binti yao Elina ananyonya, na sasa Elina alikuwa anachunga mbuzi.

Fundi alipoondoka, akamvaa mumewe. "Baba Elina, na cherehani yangu?"

"Itakuja. Hii ni kazi ya taifa."

"Kazi ya taifa gani hiyo inayotaka baridi?"

"Mama Elina, usinichimbe."

Basi hakumchimba. Lakini moyo ukishaingiwa na mdudu, utalala wapi?

Mashine ikafungwa, ikaanza kunguruma. Kuku walihama upande ule wa nyumba. Chumba kikatiwa kufuli, na ufunguo ukaingia mfukoni mwa Antipasi ukakaa huko huko. Mtaani watu walianza kunong'ona kwamba Azimio la Arusha limekataza viongozi kuishi kibepari, na huyu wetu anajipigisha baridi!

Siku moja, kisimani, jirani yake Selina akamvuta Theodora pembeni.

"Mwenzangu, mimi si mbea, unanijua. Lakini wewe ukienda kisomo cha watu wazima tu, kuna msichana anaingia kwako kwa mlango wa uani. Mrembo, kavaa sketi, kakumbatia kikapu. Mumeo anamfungulia, mashine inawashwa. Wakifanya yao humo ndani, nani atasikia?"

"Labda ni mambo ya chama."

"Ya chama!" Selina akacheka mpaka ndoo ikamwagika. "Haya, bibi wee. Kikulacho ki nguoni mwako."

Theodora akarudi nyumbani maji yakimtiririka mgongoni, wala hakuyasikia. Nani alimsukuma kwenda kisomo? Si huyo huyo Antipasi? Siku ya kufungua madarasa alisimama mbele ya umati akanguruma: "Mtu mzima asiyejua kusoma ni kipofu wa kujitakia!" Wanawake walipiga vigelegele, na Theodora ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote. Alijivunia mumewe siku ile. Kumbe mwenzake alikuwa anatafuta nyumba tupu! Na kelele za mashine, loo, sasa alizielewa. Ndiyo maana ile ya kimya aliikataa.

Iliuma. Iliuma kuliko cherehani. Akaapa kwamba akiwafumania, hatakaa hata siku moja zaidi. Atafunga nguo zake, amchukue Elina, na basi litawafikisha Kintinku kwa kaka zake. Aliyenunua baridi abaki nayo.

Alasiri iliyofuata alikaa darasani akiwa kama yupo juu ya makaa. Mwalimu alipogeukia ubao, akanyanyuka. "Kichwa kinaniuma, mwalimu," akasema, akatoka.

Uani mashine ilikuwa inanguruma. Theodora akachukua mchi kwenye kinu, akausogelea mlango wa chumba. Kufuli lilikuwa limeondolewa. Akasikia sauti ya msichana ikipaa juu ya makelele: "Tena! Usione haya, tuko peke yetu!" Kisha sauti nzito ya mumewe ikaguna.

Akausukuma mlango kwa bega.

Baridi ikampiga usoni. Hakuna aliyemsikia. Msichana alikuwa amesimama ukutani, chaki mkono mmoja na kifimbo mkono wa pili, akigusa ubao. Palikuwa na maneno mawili yameandikwa kwa herufi kubwa, na Theodora akayasoma yote mawili kabla hajavuka kizingiti. Antipasi, kaupa mlango mgongo, jasho likimtiririka shingoni kwenye baridi ile, alikuwa bado anapambana na la kwanza.