Nyumba Isikilizwayo Kwanza

Siku hizi huuziwi nyumba kabla hujaisikiliza. Sheria inamtaka dalali awashe chombo cha ukutani, usikie jinsi itakavyokuwa miaka kumi mbele. Wengi wakisikia malori hukimbia. Mimi si wa kukimbia.

"Dada Mwanahawa, barabara kuu itapita hapo mbele na soko litajengwa ng'ambo," alisema dalali Kihwelo huku akikiwasha. "Kelele utazisikia mwenyewe."

Nikazisikia: malori, honi, mtu akinadi nyanya. Mume wangu Sefu aliziba masikio, mimi nikacheka. Hapo barazani ningekaanga vitumbua, na wateja wangejileta wenyewe.

"Kelele hizo ndiyo riziki yetu," nikamwambia. "Tunainunua."

Kihwelo alinyoosha mkono akizime, ndipo ikatoka sauti ya mgeni mlangoni. "Hodi! Hodi wenyewe!"

Nilikuwa karibu kuitikia. Mwanamke mwingine akaniwahi, humo humo ukutani.

"Karibu! Sefu, una mgeni!"

"Mwambie akae, mke wangu. Navaa shati."

Sauti ya mwanamke sikuijua. Ya pili naijua tangu harusini.

Kihwelo akainamia viatu vyake. Sefu akakohoa. "Vyombo hivi navyo hukosea."

"Hakijakosea hata mara moja," alijibu Kihwelo taratibu.

Nikatazama baraza langu, pana, lenye kivuli kizuri. Sikuuliza, siku hiyo ya mgeni, mimi nitakuwa wapi.

"Nyumba naichukua," nikasema. "Kwenye hati andika jina langu peke yake."