Jina la Kwenye Simu

Shule zilikuwa zimefungwa kwa ugonjwa uleule uliomchukua mama yake, kwa hiyo Salha alisomea kwenye simu ya marehemu, ambayo hospitali iliirudisha ndani ya mfuko wa nailoni. Baba yake, Shomvi, aliiegemeza kwenye kopo la sukari.

Mwalimu aliita mahudhurio kwa majina aliyoyaona kwenye kioo.

“Mama Salha?”

“Nipo, mwalimu.”

“Si nilisema baba abadilishe hilo jina?”

Shomvi alijua pa kubonyeza. Mara mbili alishalifuta, na mara zote mbili akaliandika upya, herufi moja moja.

Kesho yake mwalimu akaita tena, “Mama Salha?”

Mtoto alimtazama baba yake. Shomvi akainama mbele ya simu.

“Yupo, mwalimu.”