Pale pa Kucheka

Murielle alikuwa amemchagulia mdogo wake wa kike wimbo wa kuingia nao ukumbini siku ya harusi: zaideko, muziki wa kodiani wa Weusi wa Luiziana. Kanisa lao la mtaani Yeoville liliupenda, hasa pale pa kucheka.

Leo, akisaka matoleo ya zamani kwenye simu, akalipata la kwanza kabisa. Lilikuwa na ubeti wa Kifaransa ambao waimbaji wa baadaye waliutupa: baba anamwoza bintiye kwa mzee, anapewa nyumbu wa kulimia, anacheka.

Ubeti waliutupa, kicheko wakakibakiza.

Mate yakamjaa mdomoni.

"Murielle, mama, weka tena pale pa kucheka!" Baba yao aliingia na viatu vipya alivyonunuliwa na mkwe mtarajiwa, mzee mwenzake. "Ha-ha-haa!"

Murielle akatema. Mate yakatua kwenye kiatu cha kushoto.