Ukurasa Mmoja kwa Siku

Kwanza aliuona mwandiko wake mwenyewe, umelowa mafuta, kwenye karatasi ambayo shangazi yake alimfungia mama muuza mkaa maandazi aliyonunua.

Mwanakheri alisogea karibu. Kwa miezi mitatu alikuwa akiandika hadithi moja, ukurasa mmoja kwa siku, na daftari akilificha nyuma ya gunia la unga.

"Shangazi, karatasi hizo umezitoa wapi?"

"Si daftari lako la shule? Shule yenyewe uliiachia darasa la tano, nikaona nifungie maandazi. Limebaki jalada."

Muuza mkaa hakuondoka. Alikuwa akisoma, andazi linapoa mkononi. "Huyu mwanamke alivuka mto au alirudi?"

"Muulize mwenye daftari," shangazi akacheka. "Akikujibu, nakupa andazi la bure."

Mwanakheri alinyoosha mkono kuiomba karatasi.

"Atavuka kesho," alisema. "Ninaandika kitabu."