Bakuli Halirudi Tupu

Asubuhi baada ya harusi, Mishi alifungua mlango akamkuta shoga yake Mwanaidi, bakuli la bluu mkononi. Tangu usichana wao bakuli hilo lilikuwa likienda na kurudi baina ya nyumba zao, na halikuwahi kurudi tupu.

Jana, ukumbini, Mishi alikuwa amemwambia mbele ya wanawake wote, "Hebu geuka, shoga, waone gauni nililokuazima." Wakacheka, Mishi mwenyewe akacheka kuliko wote.

"Gauni halijakauka, nitalileta," Mwanaidi alisema. "Bakuli lako hili."

Mishi akachungulia ndani. Limesuguliwa likang'aa, halina hata kaimati moja. Alipoinua uso, Mwanaidi keshavuka njia.

Akaingia jikoni, akalijaza wali, akarudi mlangoni. Wali ukapoa mikononi mwake, naye bado yuko kizingitini.