Titi la Kushoto

Simu ilikuwa kitandani, imewekwa spika, kwa sababu Poni hakuweza kuinua mkono. Mama yake alikuwa amepiga magoti mbele yake na beseni la maji ya chumvi, akibandua bandeji taratibu.

Chini ya titi la kushoto mshono ulikuwa umeachia, upana wa tundu la kifungo, na maji ya manjano yakatiririka hadi mbavuni. Titi lenyewe lilikuwa la moto, gumu kama papai bichi.

"Picha ulizotuma nimeziona," daktari alisema kutoka Nairobi. "Usaha umeingia. Hilo la kushoto lazima tulitoe, na mapema."

"Halafu utaniwekea lingine?"

"Ngozi imeharibika, siwezi kukuahidi. Dada, kuongeza matiti kwa maputo ya silikoni kuna hatari zake. Nilikueleza siku ile, ukatia sahihi."

Mkono wa Mama ukasimama.

Wiki saba zilizopita Poni alimwambia anakwenda kutolewa uvimbe. Kanisa lao lote hapo mtaani Juba Na Bari, jijini Juba, lilifunga na kuomba, na Jumapili iliyopita Mama alisimama mbele ya watu akatoa shukrani huku analia.

"Kwa hiyo hukuwa mgonjwa," Mama alisema.

"Sikuwa, Mama."

Mama alikamua kitambaa, akakirudisha pale palipovuja. Kilitoka na damu.

"Sasa umeugua kweli," alisema. "Nikawaambie watu waombee nini?"