Jiko la Dukani

Mhunzi alimwona mkewe kupitia kioo cha duka, amepiga magoti mbele ya jiko la mtu mwingine.

Alikuwa ametoka kununua bawaba. Baridi ilikuwa imeuma mji mzima, na duka lile jipya la majiko ya kuni lilikuwa limejaa watu wanaotafuta kitu cha kupasha nyumba joto. Mhunzi akasogea hadi mlangoni, akajibanza nyuma ya mabomba ya moshi yaliyopangwa pale, kama mwizi.

Mkewe alikuwa bado na sare yake ya uuguzi. Alifungua mlango wa jiko, akaufunga, akaupapasa ukingoni kwa kiganja.

"Hili halivujishi moshi?"

"Hata chembe, dada. Na chukua dogo. Lile kubwa litamaliza kuni na bado mtalala nje kwa joto." Muuzaji akamtazama vizuri. "Lakini wewe si mke wa mhunzi wa kule bondeni? Yule anayeunda majiko?"

"Ndiye."

"Kumbe ni kweli, mganga hajigangi!" Muuzaji akaangua kicheko.

Mkewe hakucheka. Lakini hakumtetea mumewe pia. "Basi hili dogo," alisema. "Mniletee kesho."

Mhunzi akaondoka na bawaba zake mkononi, masikio yakiwaka moto katikati ya baridi ile.

Asiyejua angesema jiko ni jiko tu. Kwake halikuwa hivyo. Kulikuwa na kipindi, baada ya ugonjwa uliomwacha na macho dhaifu, ambapo hakuna mteja aliyebisha hodi karakanani. Mhunzi alilala akitazama ukuta. Chakula kilipoa mbele yake, na watu wa nyumbani wakaanza kusema kwa sauti ya chini kama wako msibani. Ndipo shemeji yake, kaka wa mkewe, dereva wa lori, akaja na habari: huko anakopeleka mizigo watu wanataka majiko ya kuni, na wametuma malipo kabisa. Siku ile mhunzi aliamka, akanyoa ndevu.

Tangu hapo lori likawa linakuja, linapakia, linaondoka, na nyundo haikunyamaza tena. Mkewe naye alikuwa amechukua zamu za ziada hospitalini na alirudi akiburuta miguu, lakini hakukosa kupita karakanani kumwambia, "Mikono yako haijazeeka, baba."

Mwanamke huyohuyo!

Jioni mhunzi alimsubiri sebuleni. Jiko la nyumbani, kazi ya mikono yake mwenyewe, lilikuwa likitoa uzi wa moshi kwenye maungio. Nyuma ya pazia mama yake alikuwa akikohoa.

"Nimekuona," alisema.

Mkewe akaweka mkoba chini taratibu. Hakuuliza wapi. "Mama hapumui vizuri. Analala amekaa. Jiko letu linafuka, baba, na mimi ndiye ninayekisikiliza kifua chake."

"Linafuka kwa sababu mnatia kuni mbichi!"

"Kuni ni kavu."

"Haya, basi niambie. Majiko yangu yametapakaa kila pembe. Kuna hata mtu mmoja aliyewahi kurudisha? Hata mmoja aliyelalamika?"

Mkewe akafungua kinywa, akakifunga.

"Hakuna," alisema mwishowe. "Hakuna hata mmoja."

"Wageni wananiamini, mke wangu ananianika dukani! Kikulacho ki nguoni mwako, hawakukosea waliosema."

"Mwanangu," mama yake akaita kutoka nyuma ya pazia, "mwache mwenzio, hujui..." Kikohozi kikamkata maneno.

"Jiko hilo likiingia humu, mimi natoka."

Alidhani amemaliza ubishi. Kesho yake jiko likaja. Mkewe aliwasimamia vijana wa duka wakiling'oa la zamani, macho yamemvimba kwa kulia, ila hakuwaambia warudishe. Moto ukawashwa. Hakuna moshi uliotoka. Mama yake akavuta pumzi ndefu, akajilaza ubavu, akasinzia palepale.

Hilo ndilo lililomchoma mhunzi kuliko yote.

Akatia nguo chache kwenye mfuko, akaondoka bila kuaga, akasafiri hadi mji wa pili kwa shemeji. Hakwenda huko kwa bahati mbaya. Huyo ndiye mtu pekee aliyejua jinsi majiko yake yanavyogombewa. Huyo ndiye angemketisha dada yake chini na kumweleza ameolewa na nani. Njia nzima mhunzi alijipangia maneno, midomo inacheza, mpaka jirani yake wa kiti akasogea kando kidogo.

Shemeji alikuwa safarini. Mke wa shemeji alikuwa uani akianua nguo.

"Karibu, shemeji! Mbona ghafla hivi?" Akachungulia barabarani nyuma ya mgeni wake. "Usiniambie umeleta jingine."

"Jingine gani?"

"Wala usinicheke, mwenzio nimechoka. Mimi sijui mna mipango gani ninyi wawili, na wifi nampenda, Mungu shahidi. Lakini mwambie akinunua tena atafute kwingine pa kuweka. Kuku wangu nimewahamishia stoo."

Akausukuma mlango wa banda kwa goti.

Majiko ya mhunzi yalikuwa humo yote, yamepandana hadi kwenye bati, rangi bado inang'aa, na hakuna hata moja lililowahi kuonja moto.